Jua la Vioo kwa Miguu ya Mgeni

Jumatatu, 3 Juni

Nimeiona miguu ya mwanangu leo. Nimeiona kweli, kwa mara ya kwanza. Mke wangu amelala, mimi nabadilisha nepi, naifungua: lo! Imepinda. Yote miwili. Imepinda kama yangu!

Mimi ni fundi vioo. Mtaa mzima unaniita Mabano, maana nikisimama wima mtu anaweza kuandika sentensi nzima kati ya magoti yangu. Nimezoea. Mama yangu alinifungia ndani nilipokuwa mchanga akiogopa upepo, nikakua bila jua, nikapata matege. Shuleni waliniweka golini makusudi, mpira upite katikati bila kunigusa. Lakini Mgeni, ndivyo tunavyomwita binti yetu ambaye hajatimiza miezi miwili, hatazoea. Sitaki azoee.

Muuguzi wa kliniki alishatuambia. Maziwa ya mama yana kila kitu, ila vitamini D iliyomo haitoshi. Mtoto apewe tone moja kila asubuhi, mifupa ikaze. Nilipigwa na butwaa. Maziwa yaliyomtengenezea mtu mashavu ya kubonyeza, yanapungukiwa na kitu kimoja tu, na kitu chenyewe ngozi hukitengeneza ikipigwa na jua. Ngozi! Leo nimekaa nikiitazama ngozi ya mkono wake mpaka nepi ikapoa. Kiwanda kizima, hakina moshi wala mlinzi.

Tatizo ni chupa. Imeletwa na shemeji, kaka wa mke wangu. Muuza dawa, miguu kama rula. Aliikabidhi mbele ya wageni akitangaza kwamba mifupa ya mtoto inajengwa na mjomba. Wageni wakacheka. Kisha wakaiangalia miguu yangu.

Kazi ya tone niliiomba mwenyewe, mke wangu apate kulala asubuhi. Amenipa kwa sharti: nikizembea, kazi inakwenda kwa kaka yake, anayepita hapa kila siku akienda kufungua duka. Sitazembea. Lakini tone sitampa. Miguu ya binti yangu itanyooshwa na jua, na jua litaletwa na baba yake. Shemeji akajenge mifupa mingine.

Jumanne, 4 Juni

Jua halifiki. Nyumba yetu iko chini, upande wa nyuma, na mbele ya dirisha la sebule, ninakomlaza Mgeni asubuhi, kuna ukuta wa jengo jirani. Muuguzi alikataza kabisa kumwanika mtoto mchanga juani. Sawa. Lakini hakusema lolote kuhusu jua kumfuata mtoto ndani!

Jua la asubuhi linaishia kwenye varanda ya mshonaji wa juu. Nimempandishia kioo kikubwa cha kujitazamia, cha kabati, bora kuliko vyote dukani. Nimemwambia ni cha majaribio. Akakubali, mradi wateja wake nao wajitazame.

Nimekigeuza polepole. Jua likaruka! Likavuka uwanja kama limeitwa jina. Nikapiga ngumi hewani. Kumbe limeingia dirisha la chumba cha kulala na kumpiga mke wangu usoni. Alikurupuka akipiga kelele kwamba amechelewa kazini, akavaa kiatu kimoja, ndipo akakumbuka yuko likizo ya uzazi. Nikasema nilikuwa nakagua dirisha. Akavua kiatu, akalala tena.

Niliporudi juu, mteja mmoja alikuwa amegeuza kioo atazame gauni lake kwa nyuma. Jua langu lilikuwa getini, limemkalia paka.

Jumatano, 5 Juni

Nimefaulu!

Mshonaji nilimwahi kabla hajapata mteja. Kioo cha pili nimekifunga kwa waya kwenye ukuta wa uwani. Dirisha nimelifunga, Mgeni asipate mafua, na kioo cha dirisha hilo nilikikata mwenyewe, safi hata nzi hukigonga. Jua likatoka juu, likashuka ukutani, likageuka, likapita dirishani, likatua kwenye mapaja yake.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Miguu ile miwili midogo ikawaka. Niliona mishipa. Niliona vinyweleo ambavyo sikujua anavyo. Vumbi likawa linaelea juu yake taratibu, naye akalitazama kwa makini, huku vidole vya miguu vikifunguka na kujifunga. Nilipiga magoti. Nilitaka kuita mtu, sikujua nimwite nani. Nilijisikia mwenyewe nikiliambia jua asante.

Shemeji akapita, kama kawaida yake. Akainyanyua chupa kutazama imepungua kiasi gani. Alidhani amenikamata! Nilishalifikiria hilo: tone la kila asubuhi nalimeza mimi, dawa isipotee bure. Imepungua vizuri. Akaniambia kwa furaha kwamba kazi ya mjomba inaendelea.

Nimejitazama miguu kwenye kioo cha uwani. Hakuna mabadiliko. Bado mapema.

Ijumaa, 7 Juni

Kliniki. Aibu. Naandika nikiwa jikoni, sina pa kwenda.

Muuguzi aliuliza kama mtoto anapata matone. Mke wangu akajibu kwa majivuno kwamba mume wake hajakosa hata siku moja, anaamka kabla ya kila mtu. Alinitazama vile alivyonitazama siku ya harusi. Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi kichwa kilishavimba. Nikamwambia muuguzi kwamba nimepata njia bora kuliko matone, nikamchorea kwa kidole mezani: kioo cha juu, kioo cha chini, dirisha, mtoto.

Muuguzi hakucheka. Aliuliza kwanza kama tone lolote limeingia kinywani mwa mtoto. Nikasema wiki hii hapana. Mke wangu akaacha kumfunga Mgeni nguo.

Muuguzi akaeleza, bila hasira, na hapo ndipo dunia ilipogeuka. Kioo hupitisha mwanga. Hupitisha na joto. Lakini ile miale inayoifanya ngozi itengeneze vitamini D, kioo huizuia karibu yote. Na kioo cha kujitazamia nacho ni kioo. Kwa hiyo jua langu lilichujwa varandani, likachujwa uwani, likachujwa dirishani. Kilichomfikia mtoto kilikuwa mwanga mzuri. Akaongeza kwamba hata jua la wazi si jibu kwa mtoto mchanga wa umri ule, ngozi yake huungua upesi na hakuna anayeweza kulipima. Tone linapimika.

Maisha yangu yote nauza vioo. Nimevikata, nimevibeba, vimenikata. Nilidhani naviona kupita kiasi, kumbe sijawahi kuviona. Kioo kinachagua! Jua linafika na vitu vyake vyote, kioo kinasema wewe pita, wewe pita, wewe baki nje. Na mimi nimesimama hapo hapo na kitambaa nakifuta! Nilitaka kukaa chini nifikirie. Nilikaa. Kiti kilikuwa cha mgonjwa mwingine.

Nikauliza kuhusu miguu. Muuguzi akaishika, akaikunja, akainyoosha kidogo. Akasema watoto wote wachanga miguu yao iko hivyo, kwa vile walikaa wamejikunja tumboni. Itanyooka yenyewe akikua, mradi mifupa ipate haki yake. Wote! Watu wote waliowahi kunicheka walianza wakiwa Mabano!

Nilimgeukia mke wangu nimweleze jambo hilo la ajabu. Alikuwa anaongea na kaka yake kwa simu. Kuanzia kesho tone litatolewa na shemeji.

Jumamosi, 8 Juni

Amekuja. Ananukia sabuni. Amenawa mikono kama daktari wa upasuaji. Mimi nimesimama mlangoni, nimekatazwa kugusa chupa.

Alimpakata Mgeni, akamchekesha, akaweka tone kwenye ncha ya kijiko. Mgeni akatoa ulimi. Ulimi mdogo, wa waridi, ukalipokea lile tone ukaondoka nalo. Basi. Dawa ya mifupa yote, ya mgongo, ya magoti, ya kisigino, imeingia kwa mlango ule mdogo! Machozi yalinilenga. Nikasema ni vumbi.

Alipoondoka alimwambia mtoto kwamba mjomba atarudi. Mke wangu hajanigombeza. Angenigombeza ningejua nijifiche wapi. Nilikuwa na asubuhi moja na binti yangu, yeye na mimi, kabla dunia haijaamka, na nimeitoa zawadi kwa mtu mwenye miguu kama rula. Naitaka asubuhi yangu. Ningeweza kuomba msamaha. Lakini nimepata wazo zuri zaidi.

Jumatatu, 10 Juni

Wazo lilikuwa hili. Kioo cha mlango wa duka la shemeji kina ufa. Nilijitolea kukibadilisha bure, alfajiri, nikamdanganya kwamba kioo hukubali kuwekwa wakati wa ubaridi tu. Nitoe cha zamani, nimwache na tundu. Duka la dawa haliachwi na tundu. Nikimbie nyumbani eti nimesahau nyundo, nikampe Mgeni tone. Mke wangu aone nani yuko na nani hayuko.

Cha zamani kilitoka vizuri. Nikamwomba shemeji anishikie kipya kidogo tu, nikafuate nyundo. Kioo kikakataa kuingia. Nilikipima nikiwa na furaha, kikazidi. Kikakwama nusu, kikainama, tukakidaka wote wawili, yeye ndani, mimi nje. Akiachia yeye kinaniangukia, nikiachia mimi kinamwangukia. Simu yake ikaita. Ikanyamaza. Simu yangu ikaita. Tukajua ni nani, na kwamba saa ya tone imefika.

Tulisimama hivyo, pua kwa pua, kioo katikati. Sijawahi kumtazama shemeji kwa karibu. Ana mvi kwenye nyusi.

Akaanza kuongea, sijui kwa nini, labda kwa sababu hakuna aliyeweza kuondoka. Alisema kutwa nzima anauza chupa kwa mikono ya watu. Anaona mikono. Hajawahi kuona dawa inaingia kinywa gani. Jumamosi Mgeni alipotoa ulimi, yeye alifika dukani akakaa nyuma ya kaunta akashindwa kuhudumia watu. Yeye na mkewe walitamani mtoto miaka mingi, hawakujaliwa. Nilijua. Sikuwahi kukaa nikalifikiria.

Nikamwambia, kupitia kioo, kwamba siku ile ya nepi niliona miguu yangu kwa mwanangu, nikaogopa. Aliitazama miguu yangu. Hakucheka. Ukungu wa pumzi zetu ukakutana kioo kikiwa katikati, wake huku, wangu huku. Mteja wa kwanza akaja, akatusaidia kukilaza kioo chini, akaomba dawa ya kikohozi.

Tuliziba tundu kwa ubao, tukakimbia nyumbani pamoja. Mke wangu alikuwa mlangoni, mtoto kwapani, chupa mkononi. Tone alishalitoa mwenyewe. Nikafungua mdomo kudanganya, shemeji akaniwahi. Akamwambia dada yake kwamba mume wake si mzembe, alikuwa na hofu, aliogopa miguu ya mtoto. Mke wangu akauliza mbona sikumwambia. Nikaitazama miguu yangu. Akasema miguu yangu aliiona kabla hajanikubali, na siku hiyo hakuna aliyekuwa amemfumba macho.

Ilibidi nikae tena.

Hukumu: chupa inalala chini ya mto wake. Asubuhi anaitoa, mimi natia tone mbele ya macho yake, namrudishia. Jumapili ni zamu ya mjomba. Asubuhi zangu zimerudi! Nimeapa mbele ya wote wawili: hakuna vioo tena, hakuna hila, ni tone tu.

Jumanne, 11 Juni

Tone la kwanza kwa mkono wangu. Mke wangu aliketi kitandani akisimamia, nywele zimesimama upande mmoja. Nilishika kijiko kwa mikono miwili. Tone likakaa kwenye ncha, duara, likiwa na dirisha zima ndani yake, dogo, kichwa chini. Mgeni akatoa ulimi. Likaenda. Nikabaki nimefungua mdomo, na mimi ulimi nje.

Kisha akanitazama. Hakutazama vumbi wala dari, alinitazama mimi. Uso wote ukafunguka, ufizi mtupu. Akatabasamu! Nimempigia shemeji simu. Amesema ni gesi. Wivu unamsumbua, maskini, lakini nimemsamehe, nimemwambia Jumapili awahi.

Nimeisoma chupa vizuri kabla ya kuirudisha. Imeandikwa iwekwe mbali na jua. Mbali na jua! Dawa inayofanya kazi ya jua, inafichwa isilione! Kosa kama hilo angelifanya muuza dawa tu. Nguvu ngapi zinapotelea huko gizani chini ya mto? Sikusema kitu, nimeapa. Ila nimegundua kwamba mke wangu anaponyoosha mkono kuidai chupa, kwanza hupiga miayo, mirefu, macho ameyafumba. Leo katika muda huo nimeinyanyua chupa dirishani. Kidogo tu. Nimeifungulia na kioo cha dirisha, mwanga usichujwe.