Fundi wa Kola, Fundi wa Vifungo, na Mimi

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu mkuu amekuja mwenyewe hadi sebuleni kwetu, maana sebule ndiyo karakana yangu. Anataka sare mia moja na ishirini kwa wiki nne. Akauliza nina mafundi wangapi. Ulimi ukateleza, nikasema watatu: wa kola, wa vifungo, wa pindo. Akafurahi. Ijumaa saa nne atapita kuwaona kazini. Nikamwambia karibu sana. Miaka sita nashona peke yangu.
Mke wangu alisikia yote. Amesema oda hii ikipatikana tutapanga chumba cha kazi, naye atarudishiwa sebule yake. Ikipotea, cherehani inahamia uani, mvua inyeshe isinyeshe. Hatanii.

Jumanne, 4 Machi
Nimepiga hesabu. Sare tatu kwa siku, bila kupumzika, ni themanini na nne. Pengo hata mimi nimeliona. Mke wangu anasema niajiri leo. Nikamweleza kwamba mtu huajiri kazi inapozidi, na yangu bado haijazidi, inakaribia tu. Akaniangalia kama sufuria iliyoungua.
Kaka yake, shemeji yangu, naye ni fundi, ng'ambo ya barabara. Anatafuta msaidizi tangu wiki jana. Sitaki anitangulie. Nimebandika tangazo mlangoni. Masharti kumi na moja.

Jumatano, 5 Machi
Amejitokeza mmoja. Mama wa makamo, ameshona kiwandani miaka ishirini. Namwita Mama Kiwanda. Jaribio: kola moja. Nami nikashona yangu kando yake, ajue kiwango. Akamaliza kabla sijatunga uzi. Kola imetulia utadhani imezaliwa na shati. Kisha akaigeuzageuza yangu, akauliza kwa upole huyu mwanafunzi ameanza lini.
Nimemwambia nitampigia simu. Sitampigia. Nikimwajiri, wateja watamuulizia yeye. Ni wivu, basi, nimekiri. Mke wangu kanuna, chakula nimejipakulia mwenyewe.

Alhamisi, 6 Machi
Mama Kiwanda yuko kwa shemeji! Nimechungulia dirishani mara tisa. Ya kumi, shemeji akanipungia mkono.
Hainitishi. Nimeazima cherehani mbili. Nimetundika makoti kwenye viti. Kesho nitaweka vikombe vitatu vya chai iliyonywewa nusu. Mafundi wangu watakuwa wametoka kidogo tu. Nilivyo na akili, wakati mwingine najiogopa.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu mkuu kafika saa nne kamili. Nikasema mafundi wamekwenda kunywa chai. Akavitazama vile vikombe. Akakaa kuwasubiri. Nusu saa nzima tumeongelea mvua.
Mwishowe akaomba aone walau kazi ya fundi wa kola. Kola nzuri nyumbani ilikuwa moja tu, ya Mama Kiwanda. Nikaitoa. Akaisifu, akauliza anayeshona hivi anapatikana saa ngapi. Mke wangu akamjibu kutoka jikoni: hata sasa hivi, ng'ambo ya barabara, mlango wa kijani.
Oda imevuka barabara. Nimeumia, sitaficha.

Jumapili, 9 Machi
Cherehani iko uani chini ya bati. Mvua imenyesha. Mke wangu amepanga viti sebuleni na kukaa kwenye kila kimoja, kwa zamu.
Jioni shemeji kaja. Sare zimewazidi yeye na Mama Kiwanda, wanahitaji mtu wa vifungo. Nikajibu kwamba nitafikiria. Mke wangu akamwambia nimeshafikiria. Jaribio ni kesho, na atakayenijaribu ni Mama Kiwanda.

Jumatatu, 10 Machi
Nimefaulu, mara ya pili. Nashona vifungo, Mama Kiwanda anakagua. Vinne amevifumua. Tukinywa chai akauliza kwa nini sikumpigia simu. Nikamwambia kazi ilikuwa bado haijazidi. Akanisogezea rundo la mashati.
Lakini nikitulia naona nimemweza shemeji. Nina mtu wangu ndani ya karakana yake, yaani mimi mwenyewe, anachota siri zote, na mshahara analipwa na shemeji mwenyewe. Ndiye mfanyakazi wangu wa kwanza, nimemchagua mimi. Katika yale masharti kumi na moja ametimiza manne.
Wiki ijayo nabandika tangazo jipya. Anahitaji msimamizi.