Koki Mia Nne za Mwenyekiti Pell

Wakazi wote wa mji wa Wetherstone mnatangaziwa kwamba suala la kuoga limekwisha kushughulikiwa. Kamati ya Uteuzi wa Koki za Shawa, baada ya vikao kumi na vinne na biskuti zisizo na idadi, imechagua koki moja kwa nyumba zote mia nne za halmashauri. Mpini wake unang'aa, na umefanana na nembo ya mji. Nani angeuliza zaidi?

Aliuliza Bibi Hilda Crabtree, wa nyumba namba tisa.

Mwenyekiti wa Kamati, Bwana Mortimer Pell, alisikitika sana. Koki hiyohiyo alikuwa nayo kwake, ikiletewa maji taratibu na tangi la darini, na kila asubuhi alioga akiimba. Ni kweli kwamba nyumba za halmashauri ziling'olewa matangi mwaka jana, zikafungiwa boila ndogo za ukutani, zile zinazopasha maji palepale bomba linapofunguliwa. Lakini hayo yalikuwa ya Kamati ya Boila, ghorofa ya pili. Pell alikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa mbovu.

Hata hivyo Kanuni ya Saba, aliyoiandika kwa mkono wake, ilitaka lalamiko la maji lithibitishwe na ofisa kwa kuoga mwenyewe, nyumba ikiwa katika matumizi ya kawaida. Jumanne asubuhi akabisha hodi, taulo kwapani, katibu wake Bi Prudence nyuma na daftari.

“Karibu, mwanangu,” alisema Bibi Hilda. “Mume wangu Enoch ana wiki tatu hajaoga humo. Mara maji yamchome, mara yamgandishe. Anajipangusa kwa kitambaa kama meza! Na Jumamosi mjukuu wetu anaolewa. Mzee anasema haendi kanisani akinuka.”

“Sinuki sana,” alijitetea mzee Enoch kutoka kwenye kiti chake.

“Huenda hujui kuzungusha mpini, mzee wangu,” alisema Pell kwa upole wa kiofisi.

“Nimezungusha mipini tangu hujazaliwa, kijana.”

Bibi Hilda akatabasamu. “Kitendawili, Mwenyekiti!”

“Eh... tega.”

“Nafungua jikoni, mtu analia bafuni.”

“Halmashauri haijibu vitendawili, Bibi. Nipikie chai, sukari vijiko viwili. Na katibu naye.”

Akaingia bafuni, akafunga mlango, akaanza kuimba.

Sasa, Bibi Hilda ni mtu wa adabu. Mgeni akitaka chai, anapewa. Akafungua bomba la maji baridi ajaze birika.

“Uuuwi! Yanachoma!”

“Zungusha mpini!” alipaza sauti mzee Enoch, uso umemchangamka.

Bibi Hilda akafunga lile bomba, akafungua la maji moto aoshe vikombe, maana vikombe vya wageni havitolewi na vumbi.

“Sasa barafu! Nani anachezea bomba huko?”

“Hakuna anayechezea, mwanangu, ni chai yako hii. Bi Prudence, andika: matumizi ya kawaida.”

Bi Prudence akaandika.

“Lifungeni! Nina sabuni machoni!”

Bibi Hilda akavaa miwani, akasoma fomu ya halmashauri aliyoibandika ukutani. “Maombi yote hupokelewa kwa maandishi, na kujibiwa ndani ya siku tisini za kazi.”

“Bibi Hilda, nakusihi! Nimeshindwa!”

“Umeshindwa kitendawili?”

“Nimeshindwa kila kitu!”

“Basi nipe mji.”

“Mji gani?”

“Huuhuu. Nyumba zote mia nne, zifungwe koki zile zinazoshika joto zenyewe hata bomba jingine likifunguliwa, zinazopatana na boila kama hii. Na yangu ianze, kabla ya Jumamosi.”

Mlango ukafunguka kidogo. Mkono wenye povu ukatoka, ukaomba kalamu.

Jumamosi mzee Enoch alikaa safu ya mbele kanisani, ananukia sabuni ya waridi mpaka kwaya ikageuka. Jumatatu Kamati ilitangaza kwamba, kwa utafiti wake wa kina, imegundua boila. Kikao kilikwenda vizuri na kwa heshima. Ila mhudumu alipofungua bomba ajaze birika la chai, Mwenyekiti aliruka kutoka kitini, akajishika shingo.