Malaika wa Plasta

Alhamisi, 29 Machi 1894
Tarehe 15 mwezi ujao baba anatimiza mwaka kaburini. Hana jiwe! Nilimwapia mwenyewe akiwa kitandani anakufa kwamba nitamwekea. Kaka Alois anataka la kijivu, fupi, kama lile la kukandamizia kabichi ya kuchachusha kwenye pipa. Aibu! Nikamwahidi mama malaika wa marumaru. Mama haoni tena, macho yake ni vidole. Kauliza mara mbili kama ana mabawa. Anayo, nikasema. Sasa malaika yuko wapi?

Jumatatu, 2 Aprili
Yuko kwenye viwanja vya Maonyesho ya Kimataifa! Mwaka jana dunia nzima ilimiminika hapa Chicago kushangaa majumba ya marumaru. Marumaru gani? Tuliyakoroga mimi na baba: plasta, saruji kidogo, nyuzi za katani. Ya msimu mmoja tu. Sasa yanamomonyoka na wasio na makao wanalala humo. Mlinzi kakubali soseji mbili. Nimemleta malaika kwa mkokoteni. Bawa moja lilibaki njiani.

Ijumaa, 6 Aprili
Bawa jipya tayari. Rangi nyeupe, nimempaka mara tatu. Anang'aa! Alois kaja, kamgonga goti, kacheka. Ati, Bohumil mdogo wangu, huyu si ulimkoroga mwenyewe? Nikamwambia wivu utamuua.

Jumapili, 15 Aprili
Mvua tangu Ijumaa. Ukoo mzima makaburini. Mama kampapasa malaika usoni, polepole, anatabasamu. Pua ikabaki mkononi mwake! Kaifinya, ikawa uji. Kainusa. Kasema taratibu kwamba ndiyo harufu ya koti la kazi la baba. Nikalia mbele ya watu wote, hata mbele ya Alois. Najuta. Mama hakunigombeza. Heri angenigombeza.

Jumatatu, 16 Aprili
Nimemwomba Alois radhi. Kasema yameisha, Jumamosi twende wote tukachague lile la kijivu. Kaka mwema, simstahili. Nikalia tena.

Jumatano, 18 Aprili
Nimepita viwanjani, kutazama tu. Wamebaki malaika sita! Nimewaza sana. Kosa halikuwa la malaika, lilikuwa la mvua. Nimemtumia Alois salamu: Jumamosi nina kazi. Nimemwapia mama upya. Kaendelea kumenya viazi. Atafurahi akimshika. Ninachohitaji sasa ni mwavuli mkubwa.