Mzee Gerzson Aaga kwa Sauti Yangu

Jumatatu, 3 Februari 1936

Mzee Gerzson mfuga nyuki amefariki. Mungu amrehemu. Habari imenikuta nyumbani kwa Mzee Orbán tukichinja nguruwe, nami mkono mzima umo kwenye nyama ya soseji. Nimelia kidogo. Kisha nikafikiri. Kisha nikaacha kulia.

Sababu ni hii. Jumapili baada ya ibada wazee wa kanisa wanakaa, Orbán akiwa mwenyekiti, waamue kama mimi Ambrus nibaki mwimbishaji wa kanisa, au kazi apewe Mwalimu Perlaki, pamoja na nyumba ninayolala. Kisa kinanda kipya! Mimi kinanda sikijui. Nimeimbisha kanisa hili kwa koo tupu tangu ujana wangu na kuta bado zimesimama. Perlaki anapiga kinanda kwa mikono miwili na kuimba kwa pua.

Ila kuna jambo moja hawezi. Hapa kijijini kwetu mtu hazikwi kimya kimya. Jeneza huwekwa uani, nami husimama upande wa kichwa na kuimba kana kwamba marehemu mwenyewe ndiye anayesema. Anasimulia maisha yake, kisha anamuaga kila mtu kwa jina: mke, watoto, mashemeji, majirani. Akirukwa hata mmoja, ukoo mzima haupeani salamu mpaka mavuno. Beti zote natunga mimi. Perlaki anadai huo ni ushamba, eti marehemu hana haja ya maneno, ana haja ya muziki.

Hana haja ya maneno! Wakati hakuna mtu kijijini anayesikilizwa kama marehemu. Nani ataanza kubishana naye?

Wazo limenijia hapo hapo, soseji mkononi.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda kumpa pole Bibi Lídia, mjane wa Gerzson. Amenitajia watu wa kuagwa. Akaniomba nisirefushe, kwa kuwa marehemu hakuwa msemaji.

Hakuwa msemaji! Gerzson alikuwa akiulizwa habari za asubuhi anaangalia mbingu, kana kwamba jibu liko huko. Nimempa Bibi Lídia ahadi ya kufupisha. Nimekaa kutunga, na marehemu hakutaka kunyamaza. Alikuwa na mengi ya kusema kuhusu mwimbishaji wake mpenzi.

Wazee wa kanisani,
Ambrus msimwondoe,
nilalapo kaburini
na roho yangu ipoe.

Nimeusoma kwa sauti, nikapata baridi mgongoni. Kazi safi.

Nimeongeza na mmoja wa Mzee Orbán. Mti wake wa jozi umeegemea upande wangu, unatia kivuli bustani ya pilipili kila mwaka, nami nimemwomba aukate mpaka nimechoka. Gerzson sasa anamwomba kwa niaba ya nyuki. Nyuki wanataka jua. Sijui kama ni kweli, ila ni ubeti mzuri.

Ubeti wa mke ndio umenishinda. Mume aliyeishi bila kusema neno tamu, umwekee neno gani mdomoni? Nimetafuna kalamu. Mwisho nimechukua ule niliomtungia marehemu msaga unga msimu wa zabibu. Nani atakumbuka?

Kwaheri njiwa wa nyumba,
mke wangu wa thamani,
neno nililolifumba
leo litoke moyoni.

Jumatano, 5 Februari

Mazishi. Theluji mpaka vifundoni. Nimeimba kama sijawahi kuimba.

Gerzson amesema mpaka watu miguu imekufa ganzi. Nyuma yangu nimemsikia Mzee Tóbiás fundi viatu akinong'ona kuwa huyu mzee alikuwa anaweka akiba ya maneno. Mwingine akamjibu kwamba hata yeye angekaa kimya miaka yote kama angejua ataruhusiwa kumaliza hivi. Sikujali. Kwenye ubeti wa njiwa Bibi Lídia ameshika ukingo wa jeneza na kuinamisha kichwa. Kwenye ubeti wangu, yaani wa wazee wa kanisa, Orbán amelia waziwazi, masharubu yote yameloa. Nikasema moyoni, Ambrus, nyumba ni yako.

Nimefurahi mapema. Kwenye karamu ya matanga, nikiwa nimetia konyagi ya plamu kwenye gilasi, Perlaki amekaa karibu yangu, anatabasamu. Akaniambia polepole kwamba yule njiwa anamfahamu. Amewahi kumsikia msimu wa zabibu, juu ya jeneza la baba mkwe wake.

Baba mkwe wake! Nilisahau kabisa kuwa mke wa Perlaki ni binti wa msaga unga!

Akasema Jumapili atasimama mbele ya wazee na kuwaeleza kuwa mwimbishaji wao anawagawia wajane mitumba. Kisha akaniombea afya njema na kunywa konyagi yangu.

Alhamisi, 6 Februari

Sijalala vizuri. Nimeamshwa na shoka.

Orbán! Juu ya ngazi, anakata mti wa jozi, bado macho mekundu. Akanipigia kelele kutoka juu kwamba kama marehemu ameomba, yeye ni nani akatae. Nikamshukuru kwa niaba ya nyuki. Nikasogea nyuma, na tawi kubwa kuliko yote likaja chini moja kwa moja juu ya choo changu. Choo kimelala kifudifudi.

Orbán kasikitika sana, kaniambia nitumie cha kwake mpaka theluji iyeyuke. Kwa hiyo sasa, kila ninapobanwa, napita mbele ya dirisha la mwenyekiti wa wazee wa kanisa, nampungia mkono. Naye ananipungia. Heshima ya mtu inaishia hapo.

Ijumaa, 7 Februari

Mpango mpya. Mwenye njiwa wa kwanza ni Bibi Apollónia, mjane wa msaga unga. Yeye akisema hakumbuki, Perlaki atakuwa amesimama peke yake na pua yake. Nimekwenda na soseji, pete nzima.

Bibi Apollónia ameipokea. Ameikaanga. Ameila, akaniachia kipande cha mwisho, kile cha fundo. Amenieleza mguu wake wa kushoto, kisha wa kulia. Kila nikijaribu kuuliza kama anakumbuka maneno ya mazishi ya mumewe, anarudi kwenye mguu. Nilipokuwa naondoka ndipo akasema kwamba mkwewe kamwambia Jumapili asikose, akae benchi la mbele, kuna jambo linalomhusu yeye na heshima ya marehemu.

Nikamshauri asitembee kwenye theluji, mguu utamuuma zaidi. Akasema kwa jambo kama hilo atakwenda hata kwa kutambaa.

Soseji imepotea bure.

Jumamosi, 8 Februari

Bibi Lídia kaniita. Nimekwenda nikijua yameisha. Njiani nimepanga mizigo kichwani: godoro, kitabu cha zaburi, sufuria. Nitakwenda wapi katikati ya Februari? Kwa dada yangu? Dada yangu na mimi hatuongei tangu mazishi ya shangazi, ambapo nilimruka.

Bibi Lídia alikuwa jikoni, peke yake. Ameniwekea mkate na asali. Hakuniuliza chochote kuhusu wazee wala nyuki. Aliniomba nimwimbie tena ule ubeti wa kwake, wa njiwa.

Nimeimba. Akaomba tena. Nimeimba tena, polepole. Alikuwa ameshika kitambaa cha meza, anakikunja na kukikunjua. Nilitaka kumwambia. Kweli nilitaka, neno lilifika hapa kooni: Bibi, huyu njiwa si wako. Nikamwangalia nikashindwa. Badala yake nimeanza kulia mimi, mbele ya asali, na yeye ndiye aliyenipa leso. Nimejionea aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu.

Nimerudi kupitia kwa Orbán. Nimempungia.

Jumapili, 9 Februari

Nimeokoka! Nimeokoka!

Baada ya ibada watu hawakuondoka, hata mmoja. Wazee wameketi. Bibi Apollónia benchi la mbele, Bibi Lídia pembeni yake. Perlaki kasimama, kakohoa, akaanza. Kwamba ubeti alioagwa nao Bibi Lídia ni ule ule alioagwa nao mama mkwe wake, neno kwa neno. Kwamba huyu mtu amewatia maneno ya uongo marehemu wawili na kuwadanganya wajane wawili. Kanisa zima likanigeukia. Nikatafuta mlango kwa macho. Umejaa watu.

Orbán akamuuliza Bibi Lídia kama ana la kusema.

Bibi Lídia akainuka, akasema kwa sauti ile ile anayoitia kuku. "Mimi nimeishi na Gerzson ujana wangu wote na uzee wangu wote. Alikuwa ananiambia 'chumvi'. Alikuwa ananiambia 'funga mlango'. Akiwa na furaha sana, 'nyuki wametoka'. Mnadhani sikujua kuwa si yeye anayesema? Nilijua tangu mstari wa kwanza. Alikuwa mtu mwema, na neno hilo alikuwa nalo, lakini hakuwa na pa kulitolea. Nilitaka kulisikia mara moja kabla hawajamfukia. Huyu Ambrus kanisikilizisha. Kalitoa wapi, mimi sina haja ya kujua."

Orbán akapangusa masharubu.

Bibi Apollónia naye akajikongoja akasimama. Nikafumba macho. Akasema yeye mumewe alikuwa anamwita "wee". Paka alikuwa na jina, punda alikuwa na jina, yeye alikuwa "wee". Njiwa kampata siku moja tu, juu ya jeneza, na njiwa anatosha kwa wanawake wawili. Kisha akamgeukia mkwewe. "Na wewe Mwalimu, uliyeshika sana mambo ya njiwa, binti yangu umewahi kumwita hivyo?"

Kutoka benchi la nyuma sauti ya mke wa Perlaki ikajibu kabla yake. "Hata bata hajaniita!"

Kanisa limecheka mpaka mchungaji kajificha nyuma ya kitabu. Perlaki kawa mwekundu mpaka masikioni, akaketi kwenye kofia yake mwenyewe.

Wazee hawakuchukua muda. Perlaki atapiga kinanda Jumapili. Marehemu wote wataagwa na mimi, na nyumba inabaki yangu. Orbán kaweka sharti moja tu. Amesema mti ameukata kwa machozi, ila kukaa juu ya ngazi kunampa mtu nafasi ya kufikiri, naye amefikiri kuwa nyuki wa Gerzson wako upande wa pili wa kijiji. Kwa hiyo kuanzia leo hakuna marehemu atakayemtaja mwimbishaji, wala nyumba ya mwimbishaji, wala mti wowote. Nikainua mkono nikaapa mbele ya watu wote. Na niliapa kwa moyo wangu wote.

Nje Bibi Lídia amenipita, akaniambia niwe nakwenda kwake Jumamosi, asali ipo. Nimepumua mpaka mbavu zikauma. Nimetembea kijiji kizima bila kofia, sikuhisi baridi. Yamekwisha. Kuanzia leo ni maneno ya kweli tu, ya mtu mwenyewe, kama alivyoishi.

Jumatatu, 10 Februari

Nimeamka mwepesi kama mtoto. Nimesikia Mzee Tóbiás fundi viatu anakohoa.

Nimekwenda kumjulia hali haraka, na supu ya kuku. Mtu mzima, kikohozi, Februari. Nikamuuliza kwa upole kama kuna mambo ya maisha yake angependa yakumbukwe. Akanijibu eti ni mfupa wa samaki tu, umekwama tangu jana mezani, alipocheka akikumbuka ya kanisani. Lakini mimi nimekisikia kile kikohozi. Kina kina.

Nimerudi nimekaa mezani. Kiapo nakiheshimu, nimekipitia neno kwa neno. Mwimbishaji asitajwe. Nyumba isitajwe. Miti isitajwe. Sawa kabisa, hakitatajwa hata kimoja.

Kinanda hakuna aliyekitaja.

Tóbiás ni mtu wa kupenda utulivu, kijiji kizima kinajua. Ni jambo la kawaida kabisa kwamba siku ya kuaga ataomba kinanda kiondolewe kanisani kiwekwe mahali pengine, penye hewa. Kinanda, banda. Banda la mabata la Perlaki lina nafasi. Vina vimejileta vyenyewe, sikuvitafuta!

Beti nne ziko tayari. Anayekosekana ni Mzee Tóbiás, naye leo amekunywa supu yote na kuuliza kama kesho nitaleta nyingine.