Bati Kwanza, Msingi Baadaye

Cuthbert alikuwa hajamaliza chapati yake ya kwanza alipomsikia Rogasian akidanganya kwa simu, na papo hapo akajua amempata mtu wake.

"Paa linakuja, mama. Wiki ijayo, nakuapia," Rogasian alikuwa akisema, huku mgahawa mzima pale stendi ya Mbinga ukimsikiliza. Alikuwa na kampuni ya kujenga nyumba za watu, na kampuni yenyewe ilikuwa yeye, mafundi watatu na pikapu moja ya kusukuma. Mipango yote aliiweka kichwani, na kichwa hicho kilikuwa kimejaa siku nyingi. Aliwahi kupaka rangi nyumba ambayo haikuwa na madirisha, kisha akatoboa madirisha, kisha akapaka tena.

Cuthbert naye, tusimwonee, alikuwa mtaalamu wa mipango. Utaalamu huo aliupata kwenye semina ya siku tatu mjini Songea, alikokuwa akigawa chai. Alitoka pale na kalamu za rangi, beji ya mtu mwingine, na maneno kama "njia nyeti ya mradi", ambayo mpaka leo hajui maana yake ila ameona yanavyowanyamazisha watu.

Tena alikuwa na shida. Kule Mbaha, ziwani, alimpenda Winnie, na alimpenda kweli, jambo lililomshangaza hata mwenyewe. Baba yake Winnie, Mzee Joakim, alikuwa ameambiwa kwamba mkwe ni mkandarasi.

"Vizuri," mzee alisema. "Basi niezekee nyumba. Tangazo la tatu la ndoa halisomwi kanisani kabla sijaona bati."

Matangazo mawili yalikwisha kusomwa. La tatu lilikuwa lisomwe Jumapili ijayo, na siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Shikamoo, mkurugenzi," Cuthbert alisema, akivuta kiti.

Rogasian hakuwa amewahi kuitwa mkurugenzi na mtu yeyote, hata mkewe. Akakata simu. "Marahaba. Wewe nani?"

"Mratibu wa miradi. Nimekusikia hapo, mzee wangu, nikakuonea huruma. Tatizo lako unaanza na msingi."

"Sasa nyumba inaanza na nini?"

Cuthbert akatandaza mezani karatasi kubwa yenye visanduku vya rangi, juu ya chapati na kila kitu. "Mawe yanapanda bei? Mchanga je? Mchanga uko mtoni unakungoja. Lakini bati, kila ukienda dukani zimepanda. Kwa hiyo bati ziko kwenye njia nyeti. Wenzako siku hizi wananunua bati kwanza, zinakaa kwa mteja, halafu mteja anawalipa mwisho wa mradi kwa bei ya siku hiyo."

Rogasian alitafuta kosa katika maneno hayo, akakuta faida, akaacha kutafuta.

Mpango ukaandikwa palepale. Hatua ya kwanza, bati sitini kufika kwa mteja. Hatua ya pili, msingi. Kuta na mengineyo yalifuata huko chini, kwa maandishi madogo. Kwenye safu ya mhusika wa bati Cuthbert aliandika jina lake peke yake, ili asije mtu mwingine kuzigusa. Akaongeza kwamba mteja anaweza kusitisha mradi baada ya hatua yoyote bila kudaiwa, maana alitaka bati zikishapotea mteja aondoke kimya kimya, pasiwe na kesi. Mwisho, kwa ajili ya pambo tu, akaandika kwamba kila hatua ikikamilika mteja atampigia simu mwenye kampuni.

Mteja alimpata kijijini Ukata siku ileile. Mama Ottilia alikuwa mjane mwenye shamba la kahawa, na alikaa kwenye nyumba yenye kuta nzuri za matofali ya kuchoma na kenchi imara, lakini juu imefunikwa nyasi na turubai.

"Hii nitaifanya jiko," alisema alipomwona Cuthbert akiiangalia. "Nataka mpya. Kwa hiyo, mwanangu, bati zinakuja kabla ya msingi?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo utaalamu wa sasa."

"Na mimi silipi mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho kabisa."

"Na nikichoka njiani?"

"Unasitisha tu, mama. Iko hapo, imeandikwa."

Mama Ottilia aliisoma karatasi mara mbili huku kidole kikifuata mistari, akasema dunia imeendelea, akatia sahihi. Cuthbert aliondoka akimhurumia. Rogasian alipoliona jina la mama huyo kwenye karatasi, halikumkumbusha kitu.

Jumatano bati alizonunua Rogasian zikafika kwa mama. Alhamisi Cuthbert akateremka Kitai kutafuta Fuso ya kuzihamishia Mbaha, na Ijumaa mchana akapanda nayo Ukata akipiga mluzi.

Mluzi uliishia kwenye kona ya mwisho. Uwanja wa Mama Ottilia ulijaa watu. Ilikuwa ngokela, ile kazi ya majirani inayolipwa kwa chakula na pombe, na majirani walikuwa wanafika kwenye pombe. Nyasi zilikuwa chini. Juu ya kuta zile nzuri bati hamsini na tisa zilikuwa zinameta, kila moja na matundu yake ya misumari.

Cuthbert aliona giza. Alimwona Winnie, na kanisa, na mchungaji akifunga daftari.

"Mratibu amefika!" Mama Ottilia alipaza sauti. "Tumekuwekea bati ya mwisho, mwanangu. Heshima ni yako."

Vigelegele vikapigwa. Kabla hajageuka alikuwa ameshapewa nyundo, amesukumwa kwenye ngazi, na yuko juu. Akagongelea. Kila msumari ulimuuma moyoni, na katikati ya kugonga simu ikaita. Ilikuwa Winnie. Hakupokea.

Aliposimama, akaiona pikapu ya Rogasian inasukumwa kuingia uwanjani. Aligeukia ngazi, akakuta haipo.

"Nimepigiwa simu kwamba hatua imekamilika," Rogasian alisema, akihema. Kisha akatazama juu. "Bati zangu zinafanya nini huko?"

"Hunikumbuki, baba?" Mama Ottilia aliuliza kwa upole. "Hizi kuta ni zako. Uliziacha mwaka wa nne huu. Nilikulipa nyumba nzima, ukaniambia paa linakuja wiki ijayo. Limekuja. Mradi nimeusitisha."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Rogasian akampokonya mama karatasi ya mpango, akapitisha macho kwenye visanduku vya rangi. "Mhusika wa bati ni nani humu?"

Vidole vyote vilielekea paani.

Rogasian alianza kuvua koti taratibu. Dereva wa Fuso, aliyekuwa hajapewa nauli yake, akamsogelea kumshikia.

"Mama!" Cuthbert aliita kutoka ukingoni, simu ikiita tena mfukoni. "Mama yangu, nakuomba ngazi!"

Mama Ottilia aliichukua karatasi mikononi mwa Rogasian, akaifuata kwa kidole mstari kwa mstari, bila haraka, mpaka chini.

"Ngazi haimo kwenye mpango, mwanangu," alisema.