Madai Kuhusu Nyama Mbichi ya Mbwa na Haki ya Mteja Kutoulizwa

Morogoro, Jumanne

Ndugu Amosi, Mwenyekiti wa Mtaa wetu,

Salamu zikukute umekaa, maana barua hii haifai kusomwa na mtu aliyesimama. Milima ipo mahali pake, mvua ilinyesha Jumapili, na huku kwangu sote ni wazima, isipokuwa kwa jambo hili moja.

Mimi ni mwalimu wa Historia, mwaka wa ishirini na sita sasa. Nimeyaandikia magazeti barua mia moja na kumi na mbili. Zilizochapwa ni tisa, kwa hiyo unaona kwamba si mtu wa kukata tamaa. Nimepigana na mitaro iliyoziba, na vipaza sauti, na wale wanaopanda miti kisha wakaisahau. Sikuwahi kudhani kwamba ipo siku nitakuandikia rasmi kuhusu mapafu ya ng'ombe.

Chanzo unakijua, kwa kuwa ulikuwa mgeni rasmi. Miezi miwili iliyopita Daktari Shadia, yule binti mwenye duka la dawa za mifugo, alitoa semina pale uwanjani. Akafundisha kwamba mbwa asipikiwe tena. Apewe nyama mbichi, mifupa mibichi, yai na ganda lake, karoti ya Mgeta iliyokunwa, na zaidi ya vyote apewe utumbo wa ng'ombe usiooshwa, majani yakiwa bado yamo ndani, kwa sababu humo, alisema, ndimo ulimo uhai. Ulipiga makofi. Ukasimama ukasema mtaa wetu uwe wa mfano. Tangu siku hiyo Luqmani mwenye bucha, ambaye zamani alikuwa mtu wa kukata na kupima, amegeuka mtaalamu wa lishe. Madai yangu ni haya.

1. Mapupu, yaani hayo mapafu ya ng'ombe, yameondolewa. Kwa miaka yote mtu alifika pale dirishani, akasema "nusu kilo, ya mbwa", akafungiwa mapupu yake akaenda zake. Leo ukisema "ya mbwa", Luqmani anaweka kisu chini na kukutazama kama muuguzi wa zamu. "Mwalimu, mapupu ni hewa tu. Mbwa wako unamlisha hewa?" Anasema hivyo mbele ya foleni. Nami nimesimama pale na mfuko wangu, mtu mzima mwenye shahada, nikisomewa mashtaka ya kumdhulumu mnyama.

2. Historia imepuuzwa. Mwenyekiti, nimesoma sana juu ya jambo hili. Mbwa hakutufuata kwa sababu ya sura zetu. Alitoka porini akasogea kwenye moto wetu kwa sababu ya harufu ya kitu kinachoiva. Huo ndio mkataba: sisi tunapika, yeye anabweka. Umedumu maelfu ya miaka bila semina. Mbwa wa mtaa huu wamelelewa kwa chenga za mchele wa Dakawa zilizochemshwa pamoja na mapupu, na wamekamata wezi wa kuku ambao polisi hawajawahi kuwasikia. Ukimrudishia nyama mbichi umevunja mkataba upande wako. Usishangae naye akivunja wa kwake, akaacha kumbwekea mwizi na kuanza kumtazama mbuzi wako kwa macho ya kitaalamu.

3. Hapa inabidi niseme jambo ambalo bila hilo madai yanayofuata hayataeleweka. Mimi sina mbwa.

Sijawahi kuwa naye. Mapupu ni yangu. Ester, mke wangu, huyachemsha, akayakatakata, kisha akayakaanga kwa kitunguu kingi, nyanya na pilipili mbuzi mpaka yakauke pembeni, nami huyala na ugali wa dona, na sijui chakula kingine duniani kinachonifanya nimsamehe kila mtu. Lakini mji wetu, kwa ujinga ambao nimeupinga katika barua tatu, umeamua kwamba mapupu ni ya mbwa. Shuleni kwetu palikuwa na mwenzetu wa Hisabati aliyeonekana nayo mara moja tu. Wanafunzi walimwita Mwalimu Pupu mpaka akaomba uhamisho. Na pale alipohamia jina lilimtangulia. Mimi nimebakiza miaka michache nistaafu kwa jina langu la ubatizo, na nakusudia kuimaliza hivyo. Kwa hiyo neno "ya mbwa" si uongo. Ni pazia. Kila nyumba ina pazia, na hakuna serikali inayostahili kuitwa serikali inayopita ikiyafunua.

4. Kumeanzishwa daftari. Kila mteja wa mbwa anaandikishwa jina, mtaa, jina la mbwa na umri wake. Niliulizwa ghafla, foleni ikisikiliza, nikasema anaitwa Jemadari, dume, miaka sita. Daktari Shadia alikuwepo. Akafurahi, akasema, "Mwalimu, basi Jumamosi mlete tumpime uzito, nimpangie chakula chake." Watu wote wakasema ndiyo, aletwe, hatujawahi kumwona. Maimuna muuza vitumbua akaongeza kwamba hata kumsikia hajamsikia. Nikasema ni mbwa mwenye adabu.

Ilibidi niende Kilakala kwa shemeji yangu Bartholomeo nikaazime mbwa. Nilimtaka wake wa wastani, mpole. Akanipa aliyekuwepo, na aliyekuwepo ni jike, ana chongo, na jina lake ni Watajiju, alilopewa kwa ajili ya majirani. Jumamosi tulikusanyika kwenye mashine ya kusaga, kwa kuwa Luqmani hakutaka mbwa asogee karibu na mizani yake, na katika hilo nilimuunga mkono. Nikamwita Jemadari. Hakugeuka. Nikamwita tena kwa sauti ya darasani. Akalala. Kisha mpwa wangu mdogo Hidaya, aliyekuja naye, akasema kwa upole, "Mjomba, mwite jina lake," akamwita mwenyewe, na Watajiju akainuka na kupanda kwenye mzani wa magunia kama mtu anayekwenda kupiga kura. Daktari akamkagua akaandika: Jemadari, jike, amezaa mara tatu, amedhoofu kwa kulishwa mapupu muda mrefu. Mwenyekiti, unaelewa? Nimeandikwa katika kumbukumbu za mtaa kwamba nimemdhoofisha mbwa wa shemeji yangu kwa chakula ambacho nimekila mimi.

5. Adhabu ikafuata. Kwa agizo la daktari, Luqmani haniuzii tena mapupu kwa hali yoyote, mpaka Jemadari anenepe. Napewa fungu la mbwa: shingo za kuku, mifupa, na utumbo usiooshwa. Nilijaribu kukataa. Akaniambia, "Mwalimu, si wewe unayekula," na foleni nzima ikacheka kicheko ambacho bado nakichunguza. Nikaubeba utumbo ule tangu bucha mpaka nyumbani, na njia nzima watu walinipisha. Ester aliufungua mfuko, akaufunga, akanitazama. Kwa miaka ishirini na mbili ya ndoa sijawahi kutazamwa hivyo. Alisema neno moja tu, kwa Kiluguru, na mama yake yupo hai, kwa hiyo silirudii hapa. Shingo za kuku tulizila. Utumbo aliuosha asubuhi nzima nikimchotea maji, na hata hivyo nilipokula nilihisi nimemeza malisho ya Mvomero yote.

6. Mambo yakiachwa hivi, yatafika mbali. Leo ni daftari la mbwa. Kesho litakuja la paka, na wote wanaonunua dagaa "wa paka" watakwisha. Keshokutwa mama anayenunua sukari "ya mgeni" ataambiwa amlete mgeni apimwe. Mzee anayenunua dawa ya nguvu "ya rafiki yangu" atatakiwa afike na rafiki. Hakutabaki mtu na heshima mtaani, kwa sababu heshima, ukiichunguza kwa karibu, asilimia kubwa ni majirani kutouliza.

Kwa sababu hizo naomba mambo mawili. Daftari lifungwe. Na ukatangaze kwenye mkutano wa mtaa kwamba mteja akisema "ya mbwa" imetosha, na muuzaji atakayemuuliza "mbwa yupi?" atakuwa amevunja amani. Usiponijibu kabla ya Ijumaa nitaliandikia gazeti, na safari hii nitawatumia na picha ya utumbo.

Nawasalimu wajumbe wote wa mtaa, balozi wetu, wazee wa msikiti na wa kigango, na kina mama wa vitumbua ukimwacha Maimuna. Daktari Shadia mfikishie heshima zangu. Ni msomi, na kosa lake ni lile la wasomi wote, kwamba anaamini anachoambiwa kwenye fomu.

Ni mimi, raia mtii na mwenye njaa,
Mwl. Deogratias Mloka

N.B. Bahasha ilikuwa tayari nimeilamba, ikabidi niifungue. Ester aliisoma barua hii nilipokuwa naoga, akaenda bucha bila kuniambia, akasema mbele ya foleni yote, "Luqmani, nipe mapupu kilo moja, ya mume wangu." Kumbe Luqmani hata hakushtuka. Akainama chini ya meza, akatoa yaliyokwisha kufungwa, masafi, yasiyo na damu. "Shemeji, haya nimekuwa nikimwekea siku zote. Ya mbwa wa kweli huwa siyachagui hivi. Ule utumbo nilitaka tu nione Mwalimu atafika wapi, na nasikia alifika Kilakala." Foleni haikumpa jina mtu yeyote. Watu watatu nyuma yake walisema, "Na mimi."

Kwa hiyo madai yote sita nayaondoa, na la pili nalibakiza kwa ajili ya historia tu. Luqmani amemwambia Ester pia kwamba katika daftari lile wameandikwa wateja kumi na wanne wa mbwa, na wenye mbwa ni wawili. Hakutaja majina, ni mtu wa siri. Alisema tu kwamba mmoja wa wale kumi na wawili ndiye mwenye muhuri wa mtaa, na kwamba baada ya hotuba ile alishindwa kurudi nyuma, akawa wa kwanza kuchukua fungu la utumbo.

Ester anamsalimu sana mkeo, Mama Josephina. Alimwona jana pale bombani na beseni, akapita bila kuuliza. Anasema utumbo usuguliwe kwa chumvi na limau. Kwenye maji ya tatu harufu huisha.