Mzaliwa wa Masama, kwa Cheti cha Voi

Jumatatu, 5 Septemba 1977

Nimeanza rasmi kuwa mtu wa nyumbani. Asubuhi ofisi ya uhamiaji, Moshi mjini. Afisa anaitwa Sirili, mtu mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Nikajieleza: Aminieli Ndelilio, karani wa vifurushi stesheni ya Moshi, miaka minne. Jumuiya ya Afrika Mashariki imevunjika, wenzangu wamerudi Kenya. Mimi sirudi. Baba yangu alikuwa Mchagga wa Masama, akahamia Voi, Kenya, ujanani. Kihamba chake, shamba la ukoo, kipo mpaka leo, migomba na kahawa. Naomba ukaazi wa kudumu.

Sirili akasema si kazi ngumu. Fomu, cheti cha kuzaliwa, barua ya balozi wa nyumba kumi, na mzee mmoja wa ukoo aliyemjua baba. Mwisho tarehe 30. Ikipita hiyo, nivuke mpaka.

Rahisi mno! Lazima kuna mtego. Penye "mahali pa kuzaliwa" nikaandika Masama. Cheti nikasema nimekisahau. Kilikuwa mfukoni. Kinasema Voi.

Jumanne, 6 Septemba

Nimehamia Masama kwa shangazi Aikande, dada yake marehemu baba. Nikamwamkia shikamoo mara mbili, nikamwomba awe shahidi wangu. Akakubali kabla sijamaliza. Nikamdokeza kwamba nilizaliwa hapa hapa, nyuma ya zizi.

Akaacha kumenya ndizi. "Aminieli, wewe ulizaliwa Voi. Nilimpelekea mama yako mtori wa ndizi kwa treni, ukachacha njiani."

Na atasema hivyo hivyo mbele ya serikali. Shahidi mbaya.

Imebaki kurekebisha cheti. Utomvu wa mgomba ukiingia kwenye nguo hautoki. Nikaudondosha kwenye cheti, pale penye Voi tu. Kufikia jioni jina langu halisomeki. La baba halisomeki. Muhuri umekuwa doa jeusi. Voi inasomeka vizuri sana.

Alhamisi, 8 Septemba

Nimepata shahidi mwingine. Mzee Kornel, wa ukoo wetu, hukumbuka chochote ukimpa pombe ya mbege. Tukafanya mazoezi. Kata ya kwanza, akakumbuka nilivyozaliwa Masama. Kata ya pili, akakumbuka mvua ya siku ile. Kata ya tatu, akakumbuka kwamba tulizaliwa mapacha. Nikamwomba amtoe huyo pacha. Akakataa. Akalia. Akasema mtoto wa watu hafutwi namna hiyo.

Ijumaa, 9 Septemba

Elifuraha ameanza. Ni mtoto wa baba mdogo, kihamba chake kimepakana na chetu, na kahawa ya baba amekuwa akiichuma yeye miaka yote. Amemwambia balozi Elisaria kwamba mimi ni Mkenya wa ofisini, sijawahi kushika panga. Balozi atakuja Jumapili baada ya ibada, ajionee mwenyewe.

Ataona!

Jumamosi, 10 Septemba

Nimefanya kazi mpaka malengelenge. Kati ya kihamba chetu na cha Elifuraha kulikuwa na majani marefu, mstari mzima, hakuna aliyeyagusa miaka na miaka. Uvivu wa ajabu. Nimeyafyeka yote, kutoka juu mpaka kwenye mfereji. Nikampa ng'ombe wa shangazi, akanusa, akageuka. Elifuraha alisimama akanitazama. Wivu.

Jumapili, 11 Septemba

Yalikuwa masale.

Kumbe masale ndiyo mpaka wenyewe. Yamepandwa na mababu, hayakatwi, hata mtoto mdogo anajua. Tena jani lake ndilo unalompelekea mtu uliyemkosea, kumwomba radhi. Watu wote wa ibada wakaja kutazama.

Elifuraha akamuuliza balozi, "Mchagga gani anafyeka masale?"

Swali zuri. Mzee Kornel akasimama kunitetea. Akasema yule pacha wangu asingefanya hivi.

Balozi akafunga daftari, barua hatoi. Kule Voi baba alikuwa akinitajia mifereji ya huku na majina ya majirani, mmoja mmoja, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Sasa ningerudi kule kwenye joto, bila kazi, bila baba.

Ndipo shangazi akacheka. "Mmesahau kaka yangu Ndelilio alivyofyeka masale ya Kornel? Alitaka wakwe wamwone hodari. Akaona aibu, ndiyo maana akakimbilia Voi. Huyu mnamtafutia shahidi wa nini tena?"

Mzee Kornel akanisogelea, akanikagua uso. Akasema ni kweli kabisa, na jani la radhi hajaletewa mpaka leo.

Balozi ndiye aliyeanza kucheka. Shangazi akachukua majani mawili kwenye lundo, akanipa. Moja nikampelekea Mzee Kornel kwa niaba ya baba. La pili nikampa Elifuraha. Akalipokea kwa mikono miwili, maana halikataliwi, akaniambia nipande upya mstari mzima. Barua nimepata: mzaliwa wa Voi, mtoto wa Ndelilio wa Masama.

Jumatano, 14 Septemba

Moshi, na shangazi. Sirili akasoma barua, akamhoji shangazi kidogo, akageuza cheti, akauliza hili doa ni nini. Nikasema mtori. Shangazi akakohoa. Sirili akakata Masama kwenye fomu, akaandika Voi kwa mkono wake. Akasema Voi haikuwa tatizo hata siku moja. Kuwa na baba wa hapa kulitosha tangu Jumatatu ile.

Akagonga muhuri. Ukaazi wa kudumu! Nikakaa kwenye ngazi za nje nikifuta macho, shangazi ananisubiri.

Nadhani kilichomlainisha ni ule mtori.

Ijumaa, 16 Septemba

Siku ya tatu ya ukaazi. Bwana shamba amepita akiandikisha wakulima wa kahawa. Mwenye mibuni mia tatu anapewa pampu ya kunyunyizia dawa. Yetu ni arobaini na mmoja. Nikaandika mia tatu. Akasema Jumatatu atakuja kuihesabu.

Hakuna shida. Leo kutwa nimechomeka matawi ardhini, kwa mistari iliyonyooka. Ukisimama mbali kidogo, ni shamba kamili. Matawi nimekata kwenye mibuni ya Elifuraha. Anayo mengi, na hakuwepo nyumbani.